Luka 16:10 kwa watu wa pishi na mizani: dhambi ndogo tuzipinge vipi?

Mama wa Jumuiya, Wete

Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba msaada wa makatekista na wasomaji wa Biblia humu. Jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Wete, Pemba, itasoma Luka 16:1-13, na tafakari imepewa dakika 20. Watakaokuwepo ni wachumaji wa karafuu, wenye vibanda sokoni, konda wa daladala, mafundi cherehani na watumishi wawili wa ofisini. Nataka tukae kwenye mstari wa 10: “Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia, na aliye dhalimu katika lililo dogo, huwa dhalimu katika lililo kubwa pia.”

Mambo matatu yananikwama. Kwanza, wakili yule wa mfano, msimamizi wa mali aliyeambiwa anaondolewa kazini akawapunguzia wadeni wa bwana wake madeni yao, ni mwizi na bwana wake anamsifu. Hilo wataliuliza kabla sijakaa vizuri. Pili, sitaki mahubiri ya “acheni uongo” ambayo kila mtu anaitikia amina na kesho anarudi kwenye pishi yake, chombo chake cha kupimia. Tatu, kwenye kikundi kimoja wapo wa aina mbili. Yupo anayeona dhambi ndogo si kitu kwa kuwa si ya mauti, na yupo asiyelala kwa kila neno alilotamka mchana. Maneno yatakayomwamsha wa kwanza yatamuumiza wa pili.

Je, zipo hatua za kufanya kwa wiki moja au mbili, za mtu mwenye kazi zake?

Msharika wa Mkunazini

Milele na milele, mama. Mimi ni Mwanglikana, lakini sura ni hiyo hiyo.

Usianze na mstari wa 10. Anza na hesabu za mstari wa 5 hadi wa 7, maana watu wako wanaishi kwa vipimo na masikio yao yatafunguka hapo. Mdeni wa kwanza ana deni la bathi 100 za mafuta. Anaambiwa aandike 50. Wa pili ana kori 100 za ngano, aandike 80. Bathi moja, kwa makadirio ya chini, ni lita 22 hivi, na Ezekieli 45:14 inasema kori moja ni bathi 10. Kwa hiyo mafuta yaliyofutwa ni lita 1,100, sawa na madumu 55 ya lita 20. Ngano iliyofutwa ni kori 20, kama lita 4,400. Hao si watu wa kukopa kibaba cha unga dukani.

Sasa, baada ya kutaja mali yote hiyo, Yesu anasema “lililo dogo sana”. Hapo ndipo pa kusimama na kuwapa muda wafikiri. Soma mstari wa 11 na 12 pamoja nao: lililo dogo sana ni mali yenyewe, iwe madumu 55 au kijiko, na lililo kubwa ni ile “mali ya kweli” ambayo Mungu anataka kumkabidhi mtu. Anayejitetea kwa kusema “ni gramu 50 tu” anabishania kiasi, na Yesu hakuuliza kiasi. Aliuliza mali ni ya nani. Biblia ya Union imetumia neno amana katika mstari wa 11, na Pemba hakuna Mkristo wala Mwislamu anayehitaji kufafanuliwa neno hilo. Ni kitu cha mtu kilichowekwa kwako. Hukigusi hata mwenyewe akikawia miaka.

Kuhusu sifa. Mstari wa 8 unamwita dhalimu katika sentensi ile ile inayomsifu kwa busara. Alichosifiwa ni kwamba aliona siku zake zinakwisha akachukua hatua kabla hesabu haijafungwa. Hiyo haraka ya kutengeneza mambo mapema ndiyo tunayoambiwa tuige. Kalamu yake tumwachie. Utakutana na maelezo kwamba alifuta faida yake mwenyewe tu, kwa hiyo hakuiba. Maelezo hayo ni mazuri kusikia, lakini Luka hakuyaandika, na mimi nisingejenga tafakari juu yake.

Jambo moja ambalo wengi hulipita: mstari wa 6 unasema “keti upesi”, na anayeshika kalamu ni mdeni. Wakili haandiki. Dhambi ndogo ina tabia hizo mbili, inaharakisha ili usifikiri, na inatafuta mkono wa pili ili aibu igawanywe. Mtu akikwambia “weka tu sahihi hapo, haraka, wote wanafanya hivi,” amesoma mstari wa 6 bila kujua.

Kanisa letu la Mkunazini, mjini Zanzibar, limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Dhuluma kubwa kama ile nayo iliendeshwa kwa hati na hesabu. Ushuru wa forodha ulitozwa kwa kila kichwa. Huwa nafikiria kwamba kwa mshika kalamu kila binadamu alikuwa mstari mmoja tu daftarini.

Karani wa Mizani, Chake Chake

Bwana asifiwe. Mama, nikujibu lile la pili.

Dhambi ndogo ikitajwa kwa jina la jumla haimgusi mtu. Itaje kwa jina lake la kazini. Nitakupa za karafuu kwanza kwa kuwa ndizo nyingi huko kwenu.

Pishi inapimwa kwa namna mbili: kilele, ikijaa mpaka juu imechongoka, au mfuto, mkono ukipitishwa juu ikalingana na ukingo. Namna zote mbili ni halali maadamu mmekubaliana. Udhalimu ni kupokea kwa kilele na kulipa kwa mfuto. Mchumaji analeta karafuu mbichi, pishi yake inashindiliwa na kutikiswa mpaka inameza konzi mbili zaidi, halafu anahesabiwa pishi moja. Wafungulie Luka 6:38: “kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika.” Hayo ni matendo ya mkono wa mpimaji, yamepangwa kwa utaratibu wake. Yesu anayataja kwa mtu anayetoa. Matendo hayo hayo, mkono ule ule, yakifanywa wakati wa kupokea tu, ni wizi.

Upande wa mchumaji, ni kuacha makonyo na majani ndani ili pishi ijae. Upande wa muuzaji, ni kufunga gunia kabla karafuu haijakauka. Kilo 3 hivi za mbichi hutoa kilo 1 ya kavu, kwa hiyo unyevu uliobaki unauzwa kwa bei ya karafuu. Tena hapa kosa hujisema lenyewe: karafuu yenye unyevu ikifungwa hupata joto ndani ya gunia, huota ukungu, rangi hupauka, na zile kavu zilizochanganywa nayo huharibika pamoja nayo. Karafuu iliyokauka kikonyo chake hukatika kwa mlio ukikikunja. Ikiinama bila kukatika, irudishwe jamvini.

Mizani sasa. Sahani ikiwa tupu, sindano isome sifuri. Watu wengi hawaangalii hata hilo. Kisha chukua chupa, ipime tupu, itie maji lita moja kamili, uipime tena. Tofauti lazima iwe kilo 1. Ikisoma kilo 1 na gramu 50, basi katika kila kilo 20 unazouza mteja anakosa karibu kilo nzima. Mizani mbovu si dhambi ya mtu asiyejua. Ukiijua Jumatatu na ukauzia Jumanne, imekuwa yako.

Konda: “chenji nakupa mbele,” huku akijua abiria anashuka kituo kinachofuata. Dawa ni kurudisha chenji kabla ya kupokea nauli ya mtu mwingine. Fundi: anasema Ijumaa akijua ni Jumanne ya wiki ijayo. Afungue daftari kabla ya kutaja siku, aongeze siku mbili, ndipo aseme. Kuna pia vipande vya kitambaa vinavyobaki. Vitiwe ndani ya mfuko wa nguo, mwenyewe akivikataa ni halali yako. Ofisini ni daftari la mahudhurio, mtu amefika saa 2:15 akaandika 1:30.

Bei nayo ina mtego wake. Huna wajibu wa kumwambia mteja umenunua kwa kiasi gani. Sema “bei yangu ni hii” unyamaze. Dhambi huanza pale unapoongeza “mimi mwenyewe nimenunua elfu kumi” na ulinunua nane. Na Wakristo wengi wa huku wameokota “wallahi” sokoni, wanaitia kwenye kila bei. Mathayo 5:37 iko wazi: “maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo.” Bei inayohitaji kiapo ili isimame ina kasoro tayari. Isitoshe, jirani yako Mwislamu anajua uzito wa kiapo kile, na anakusikia ukikitumia kwa mafungu ya muhogo.

Katekista wa Unguja

Tumsifu Yesu Kristo, mama, na ndugu wote.

Kwenye “si ya mauti” watu hukata mafundisho katikati. Ni kweli Kanisa linafundisha masharti matatu ya dhambi ya mauti, ile inayomtenga mtu na Mungu, na lazima yakutane yote: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua, na awe ameridhia kwa hiari kamili. Likikosekana moja, dhambi ni ndogo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1863, inaendelea kusema kwamba dhambi ndogo iliyokusudiwa na isiyotubiwa humwandaa mtu kidogo kidogo kutenda ile ya mauti. Shika neno “iliyokusudiwa”. Ulimi ulioteleza ni kitu kimoja. Pishi iliyopangwa kushindiliwa kila jioni ni kitu kingine, hata kama thamani yake ni ndogo. Ya kuteleza husafishwa kwa majuto ya kila siku, kwa Ekaristi iliyopokewa vizuri, kwa ile sala ya mwanzo wa Misa tunapokiri kukosa “kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo na kwa kutotimiza wajibu.” Ya kupangwa inataka kupangiwa.

Mpango wenyewe ni wa zamani, wa Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, karne ya 16, na unamfaa mtu wa sokoni kuliko watu wanavyodhani. Unachagua dhambi moja tu. Kwenye karatasi unachora mistari 14, miwili kwa kila siku ya wiki, wa mchana na wa jioni. Asubuhi, ukiamka tu, dakika moja: itaje dhambi hiyo kwa jina na mahali itakapokukuta leo. Baada ya chakula cha mchana pitia saa kwa saa tangu ulipoamka, weka nukta moja kwa kila kuanguka. Jioni vivyo hivyo, kuanzia mchana. Linganisha jioni na mchana, leo na jana, na wiki ya pili na ya kwanza. Na kila unapoanguka, pale pale, weka mkono kifuani kwa majuto. Hata sokoni penye watu mia hakuna atakayejua unafanya nini.

Yanayoharibika, ili uwaonye mapema. Wengi huchagua kitu kipana mno, kiburi au uvivu, ambacho hakihesabiki. Wachague kinachoweza kuwekewa nukta: kutaja bei ya uongo, kumsema asiyekuwepo barazani, kushindilia pishi. Wengine huchagua tatu kwa pamoja, na siku ya nne hawana hata moja. Lakini kinachowaangusha wengi zaidi ni hiki: siku tatu za mwanzo nukta huongezeka. Mtu akaona anazidi kuoza, akaitupa karatasi. Hajazidi kukosa. Zamani alikosa bila kuona, sasa anaona. Waambie hivyo kabla hawajaanza, la sivyo utawapoteza.

Siku ya saba waangalie nukta zimekaa wapi. Zikirundikana jioni baada ya saa 10, mtu ana njaa na uchovu na wateja wamemzunguka, hapo tiba ni kula saa 9 na kupumzika, pamoja na sala. Zikirundikana anapokaa na mtu fulani, azungumze kwanza naye juu ya mazungumzo yao. Kwa dhambi ya kusengenya, kujizuia peke yake hakudumu. Mtu aweke kitu badala yake, mfano kulitaja kimoyomoyo jina la anayesemwa katika sala kabla ya kufungua kinywa. Neno linakosa utamu mara moja. Mathayo 12:36 inafaa kusomwa hapo.

Usiku, dakika 10, hatua tano: kushukuru kwa mambo mahususi ya siku hiyo, kuomba mwanga, kupitia siku, kuomba msamaha, kuazimia la kesho. Hatua ya kwanza isirukwe. Bila shukrani mtu anabaki anajilinda kama askari anavyomlinda mfungwa, na hilo halimfikishi kwa Mungu.

Sasa yule wa pili, asiyelala. Huyo usimpe karatasi. Dalili zake ni kuungama tena jambo aliloshaondolewa, kurudia sala kwa kuwa “sikuisema vizuri”, na kuuliza watu wanne swali moja. Huo ni wasiwasi, na dhamiri yenye wasiwasi haitibiwi kwa kuchunguzwa zaidi. Ignasi mwenyewe ulimtesa vibaya kule Manresa, Hispania, mwaka 1522. Mtu huyo awe na muungamishi mmoja, padre wa kumwungamia, si watatu, na amtii. Akiambiwa jambo limekwisha, limekwisha. Akiwa na shaka kama aliridhia dhambi, ahesabu kwamba hakuridhia, aendelee na kazi. Na mpe jukumu la kuwahudumia wengine jumuiyani, linamtoa ndani ya kichwa chake. Mzungumze naye pembeni, kabla ya siku yenyewe, asije akajiona kikundini kuwa yeye ndiye aliyenyimwa.

Kijana wa Kwaya

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kuuliza kwa heshima. Mathayo 23 Bwana anawakemea Mafarisayo hasa kwa kuhesabu vidogo, wanachuja mbu na kumeza ngamia. Nukta na mistari 14, si ndiyo kuchuja mbu kwenyewe?

Msharika wa Mkunazini

Marahaba, mwanangu. Swali zuri, na mama alitie kwenye tafakari yake maana litaulizwa.

Soma 23:23 mpaka mwisho. Walitoa zaka ya mnanaa, bizari na jira. Jira ndiyo uzile tunaotia kwenye pilau. Fikiria mtu anahesabu punje kumi za uzile atenge moja. Yesu anataja walichoacha: adili, rehema na imani. Kisha anasema, “hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache.” Hakusema tupeni uzile.

Kipimo cha kutofautisha ni hiki. Vidogo vya Mafarisayo havikumgusa jirani. Hakuna maskini aliyekula vizuri kwa sababu mnanaa ulitolewa zaka. Vidogo vya Luka 16 vina mtu upande wa pili: mchumaji, abiria, mteja. Kwa hiyo mtu anapochagua dhambi ya kuwekea nukta, aulize nani anaumia. Akikosa jibu, huenda ameshika mbu. Kuchagua “nilisinzia kwenye rozari” wakati mchumaji wake hajalipwa wiki ya tatu, huyo ngamia amepita kooni.

Mama wa Jumuiya, Wete

Mungu awabariki sana. Nimeandika yote. Moja limebaki, najua litaulizwa: mtu akishajua kwamba pishi au mizani yake imewapunja watu, anarudishaje? Wengine hawajulikani tena, wamerudi makwao baada ya msimu.

Katekista wa Unguja

Anayejulikana arudishiwe mwenyewe. Walawi 6:5 inataka mali yote na sehemu ya tano juu yake: uliyempunja shilingi 5,000 mpe 6,000. Sheria hiyo ni ya mtu anayekuja mwenyewe kukiri. Mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza alilipa kondoo wanne kwa mmoja, Kutoka 22:1. Ndiyo maana Zakayo, Luka 19:8, akisema atarudisha mara nne, anajihukumu kwa sheria ya mwizi ingawa hakuna aliyemkamata. Hilo usilifanye sharti kwa watu wako. Waanze na tano na moja.

Si lazima mtu ajitangaze. Anaweza kurudisha kama nyongeza ya malipo, au kupitia mtu wa kuaminika, mradi mali imfikie mwenyewe. Asiyepatikana kabisa, fungu lake liende kwa maskini, na asiyejua kiasi akadirie kwa uaminifu bila kujipendelea. Kosa la kawaida ni kupeleka kwenye sadaka fedha ya mtu ambaye yuko hai na anaishi mtaa wa pili. Kanisa lisipokee hiyo kabla yake.

Karani wa Mizani, Chake Chake

Na mteja wa kila siku ambaye huwezi kukumbuka umempunja mara ngapi, mpimie kwa kilele msimu mzima bila kumweleza. Atafurahi na hesabu itasogea.

Dakika zako 20, mama, ningezigawa hivi: tano za hesabu ya bathi na kori, tano za mstari wa 10 hadi 12, tano za pishi na mizani, na tano za mwisho wape vipande vya karatasi wachore mistari 14 pale pale, wasiondoke nayo kichwani tu. Jina la dhambi wasiliandike, kila mtu analijua la kwake. Kalamu mbili zinatosha kuzungushwa. Na chukua pishi moja tupu uiweke katikati ya mkeka kabla hawajaingia.

Mama wa Jumuiya, Wete

Pishi ninayo. Na chupa ya lita moja nitaileta pia, mwenye kibanda akitaka kupima mizani yake tukimaliza sala.